Baba alifariki wiki mbili kabla ya ubatizo: je, sadaka inaweza kubadili hukumu yake?

SWALI: Shikamoo mchungaji. Baba yangu aliishi bila dini karibu maisha yake yote, na kwa miaka mingi alikuwa mlevi. Mwaka huu, akiwa na umri wa miaka 61, aliacha pombe na kuanza mafundisho ya ubatizo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili abatizwe alipogongwa na lori akiwa amepanda bodaboda, na hakuzungumza tena. Baada ya mazishi nabii mmoja wa hapa mjini alituambia kwamba amemwona baba katika maono akiwa amefungwa minyororo, na kwamba tusipotoa shilingi 300,000 za sadaka ya kumfungulia kabla ya arobaini, hukumu yake haitageuzwa tena. Mama ameshakopa fedha hizo kwenye kikoba. Je, tumpe? Na je, inaruhusiwa kuandika neno la Biblia kwenye msalaba wa kaburi la mtu ambaye hakubatizwa? (Binti mfiwa, Morogoro)

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa msiba. Fedha hizo msimpe. Mama azirudishe kwenye kikoba wiki hii, kabla riba haijaanza kumlemea, na baada ya hapo usome haya mengine bila haraka.

Nimezika watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni nadra mwezi kupita bila swali hili kunifikia kwa sura moja au nyingine. Huyu alifia usingizini bila kutubu, yule alifariki akiwa hajapatana na nduguye, mwingine alikutwa na mauti akitoka kilabuni. Chini ya maswali hayo yote limelala wazo moja ambalo limenichosha, nalo ni kwamba Mungu huihesabu dakika ya mwisho peke yake, kama mlinzi wa shule anayefunga lango kengele ikilia na kumwacha nje mtoto aliyekuwa amebakiza hatua tatu afike. Wazo hilo huhubiriwa hata na watu waliosoma, tena mbele ya jeneza, kwa sababu hofu ya wafiwa hujaza viti Jumapili inayofuata. Sijui ni wapi katika Injili walikolipata.

Bwana Yesu mwenyewe aliletewa habari za vifo vya ghafla. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, nao hawakupata nafasi ya kusema neno, kama baba yako. Alikataa kuisoma hukumu yao katika namna walivyokufa. Akasema hawakuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu, kisha akawageukia waliokuwa hai wanamsikiliza na kuwaambia watubu. Utaona kwamba onyo lilielekezwa kwa wenye masikio ya kusikia, wala hakuna senti iliyodaiwa kwa ndugu za wale 18.

Kuhusu kufariki kabla ya ubatizo, swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 392 kaisari kijana Valentinian wa Pili alifariki huko Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, akiwa amemwita askofu Ambrosi wa Milano aende kumbatiza, na askofu hakuwahi kumfikia. Dada zake waliumia kwa jambo lilelile linalokuumiza wewe. Ambrosi, aliyehubiri katika maziko yake, hakuwaambia kwamba ubatizo ni kitu kidogo, wala hakuwatisha. Aliwauliza ni nini kingine kilicho katika uwezo wetu isipokuwa kutaka na kuomba, na akasema kwamba aliyeiomba neema hiyo ameipata. Hapa jirani nasi, miongoni mwa wafiadini 22 Wakatoliki wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, yumo Mukasa Kiriwawanvu, ambaye aliuawa akiwa bado mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa mafundisho ya ubatizo. Nasi Walutheri tumefundishwa tangu zamani kwamba kinachomhukumu mtu ni kuudharau ubatizo, wala si kuukosa. Mzee wa miaka 61 aliyeiacha chupa na kukaa kwenye benchi la mafundisho pamoja na watoto wa darasa la sita hakuudharau.

Hata hivyo, usinielewe kwamba nakuandikia cheti. Wapo wachungaji ambao katika kila msiba humtangaza marehemu kuwa amekwisha kuketi kuumeni, awe alidhulumu mashamba ya wajane au la, na hiyo nayo ni njia ya mkato, ya adabu zaidi tu kuliko ile ya nabii wako. Mimi siujui moyo wa baba yako, na sikuitwa kuujua. Ninachokijua ni nani atakayeuhukumu. Yohana 5:22 inasema kwamba Baba amempa Mwana hukumu yote, maana yake kiti kile kitakaliwa na yule aliyemwambia mnyang'anyi msalabani, “leo hivi utakuwa pamoja nami peponi”. Watu hupenda kumtaja mnyang'anyi huyo kama mtu aliyewahi lango katika sekunde ya mwisho. Mtazameni vizuri: hakuwa na ubatizo, hakuwa na sadaka, hakuwa hata na mkono ulio huru wa kujipiga kifua. Alichokuwa nacho ni jirani aliyetundikwa kando yake. Tumaini la Mkristo mbele ya mauti limekaa hapo, katika kumjua Hakimu, na ndiyo maana Kanisa hukiri bila kutetemeka kwamba atakuja kuwahukumu wazima na wafu, na katika ukiri uleule likataja ondoleo la dhambi na kiyama ya mwili.

Sasa nije kwa huyo mwenye maono. Katika Luka 16 tajiri aliyekuwa katika mateso aliomba Lazaro atumwe kwa ndugu zake watano, na Ibrahimu akakataa akisema wanao Musa na manabii, wawasikilize hao. Ikiwa Ibrahimu hakuruhusu mjumbe mmoja avuke bure, ni nani aliyempa mtu wa mjini kwenu kibali cha kupeleka na kuleta habari kwa shilingi 300,000? Zaburi ya 49 inasema waziwazi kwamba hakuna awezaye kumkomboa ndugu yake wala kumlipia Mungu fidia. Mwaka 1517 Martin Luther alizipinga hati za rehema zilizokuwa zikiuzwa Ujerumani, wauzaji wakiwaaminisha watu kwamba marehemu wao watatoka toharani, mahali pa kutakaswa roho baada ya kifo, mara fedha ikitolewa. Isidhaniwe kuwa nawasema Wakatoliki, kwani Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1563, ulipothibitisha fundisho lao la toharani uliwaagiza maaskofu wakataze yote yenye harufu ya faida ya aibu, na Sheria ya Kanisa yao ya mwaka 1983 inakataza hata kile kinachofanana tu na biashara katika sadaka za Misa. Madhehebu yaliyobishana kwa karne tano yanakubaliana katika hili.

Mjane mmoja aliwahi kuniletea bahasha ya kaki aliyopewa katika huduma ya namna hiyo. Juu yake palikuwa na jina la mumewe kwa wino mwekundu, chini yake kiasi, na chini ya kiasi mstari mtupu uliotanguliwa na neno “Baki”. Alikuwa ameshalipa mara mbili, na kila alipolipa mnyororo mmoja ulikatika na mwingine ukaonekana. Jihadharini na yeyote anayewawekea siku ya mwisho, maana arobaini ni desturi ya kumaliza msiba wala si tarehe ya mahakama ya Mungu. Na jihadharini zaidi na anayekuja wakati turubai halijashushwa, anapojua daftari la michango lina kiasi gani.

Msalaba uandikeni. Wekeni jina la baba, mwaka aliozaliwa, mwaka aliofariki, na chini yake Yohana 11:25. Mafundi wengi hutoza kwa herufi, kwa hiyo wekeni kifungu tu, na maneno yenyewe mama atayasoma nyumbani.