Jibu: Boti ya mtumba inanuka hata baada ya kuoshwa

Salaam ndugu. Unasema umeosha viti na sakafu mara tatu, lakini ukiifunga usiku asubuhi uvundo uko palepale. Anzia chini, kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambapo maji hujikusanya. Yangu ya faiba, niliyoinunua Mtwapa, ilikuwa na maji meusi ya dizeli chini ya mbao, na dagaa waliooza wamegandamana kwenye chujio la pampu. Nilitapika, sikufichi.

Yakumbe yote kwenye ndoo, usimwage baharini. Sugua kwa sabuni ya unga na maji moto, suuza kwa maji matamu. Chumvi ikibaki huvuta unyevu. Magodoro ya sponji tupa tu. Ukungu pangusa kwa siki, ila usiichanganye na jiki, gesi yake ni sumu. Kisha vifuniko wazi, jua liingie.