Barua za Jane Austen: ni kweli zilichomwa na dada yake?

SWALI: Dada, habari za kazi. Nasoma fasihi chuo hapa Dodoma, mwalimu alitugusia kwamba Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, barua zake zilichomwa moto na dada yake wa damu. Hivi ni kweli? Kwanini afanye hivyo? Na miswada ya vitabu vyake iko wapi, sisi watu wa kawaida tunaweza kuiona?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Ni kweli. Cassandra ndo alikuwa dada mkubwa na ndo aliyeandikiwa barua nyingi kuliko mtu yeyote. Jane alifariki Julai 1817 akiwa na miaka 41, Cassandra akakaa na zile barua miaka na miaka, afu mwanzoni mwa miaka ya 1840 uzee umeshaingia akazipitia, nyingi akazichoma, zingine akakatakata vipande asivyotaka visomwe. Leo zimebaki kama 160 tu wakati watafiti wanakadiria aliandika maelfu.

Watu wanamlaumu sana ila mimi simo. Jane kwenye barua alikuwa na ulimi mkali, anawasema majirani, anawasema ndugu, na wengi wao au watoto wao walikuwa bado wapo hai. Wewe ungekuwa na meseji za marehemu mdogo wako zinazomsema wifi yenu, ungempa mtoto wa huyo wifi azisome? Na tusisahau hizi tulizonazo nyingi zimefika kwetu kwasababu huyohuyo Cassandra alizitunza akamwachia Fanny Knight, binti wa kaka yao. Mtoto wa Fanny, Lord Brabourne, akazichapisha 1884, baadae zikapigwa mnada zikasambaa, fungu kubwa sasa liko Morgan Library kule New York. Linaloniuma mimi ni zile Jane alizomwandikia kaka yao Francis wa jeshi la majini, mzee alizitunza mpaka anafariki 1865, binti yake akaziharibu bila kumuuliza mtu!

Miswada sasa. Riwaya zilizochapwa akiwa hai hakuna hata moja ambayo mswada wake umebaki. Ya Persuasion, riwaya yake iliyotoka akiwa ameshafariki, zipo sura mbili za mwisho alizoziandika kwanza akazikataa, ziko British Library. Sanditon, aliyoiacha njiani Machi 1817 kwa ugonjwa, iko King's College, Cambridge. Ila mimi ninayoipenda kupita zote ni The Watsons, nayo hakuimaliza, sehemu kubwa ilinunuliwa na maktaba ya Bodleian ya Oxford mwaka 2011 kwa karibu pauni milioni moja. Alikuwa anakunja karatasi anatengeneza vijitabu vidogo, anajaza mwandiko umebanana hakuna ukingo, kwahiyo akitaka kuongeza kitu kirefu hana nafasi, basi anaandika kwenye kikaratasi pembeni anakibana kwa pini palepale panapohusika. Yaani unamwona mtu akifikiri.

Kuiona inawezekana tena bure, tangu 2010 miswada yake ya hadithi imewekwa kwenye intaneti, tafuta "Jane Austen's Fiction Manuscripts". Picha zipo na maandishi yamechapwa upya pembeni, kwahiyo mwandiko usikutishe. Anza na The Watsons, angalia alivyofuta, afu mwambie na mwalimu wako awaonyeshe darasani.