Treni za mezani: maswali yenu kuhusu reli ndogo kuliko ndogo

Haya, tangu nigusie habari ya treni za skeli ndogo, zile watu wazima wanajenga juu ya meza zikawa na stesheni yake na vilima vyake, maswali yamekuwa mengi kweli. Yanayofanana nimeyaunganisha, ya bei nimeyaacha maana bei inabadilika kila ukigeuka. Twende.

Kaka nasikia mara skeli N, mara Z, mara T. Nachanganyikiwa. Tofauti ni nini na mtu anaanza na ipi? (Dodoma)

Skeli ni hesabu tu ya kitu kimepunguzwa mara ngapi. Ile maarufu kuliko zote duniani ni HO, hiyo ni 1:87, ila kwa hapa tunaiita kubwa. N ni 1:160 na upana wa reli yake ni milimita 9. Z ni 1:220, reli milimita 6.5, hii waliitoa Märklin wa Ujerumani mwaka 1972. Halafu kuna T, ya Wajapani, 1:450, reli milimita 3 tu, ilianza kuonekana kwenye miaka ya 2006 na 2007. Mtu mzima wa mita 1 na sentimita 75 kwenye N anakuwa milimita 11 hivi, kwenye Z milimita 8, kwenye T hafiki hata milimita 4, yaani ukipiga chafya umepoteza abiria wote wa stesheni.

Ushauri wangu: anza na N au Z. T inashangaza ukiiona mara ya kwanza, lakini ni ngumu kuirekebisha, vifaa vyake vichache, na kichwa chake kina magurudumu ya sumaku ili kishike reli, maana chenyewe hakina uzito wa maana. Kama vidole vyako vinene au macho yameanza kugoma chukua N bila kuona aibu.

Nina kitreni cha Z, nipo Mombasa. Kinatembea kidogo kinasimama, nakisukuma kwa kidole kinaenda tena. Mota imekufa? (Mombasa)

Mota nzima hiyo, kama ingekufa isingeondoka ukisukuma. Shida ni uchafu. Umeme unatoka kwenye reli unapita kwenye magurudumu ndo unafika kwenye mota, sasa katikati hapo pakiwa na utando hata mwembamba kiasi gani umeme haupiti. Na skeli ndogo ndo inaumia zaidi, kwa sababu ukipunguza urefu wa kitu uzito unapungua kwa kasi zaidi. Kutoka HO mpaka Z urefu unapungua mara mbili na nusu hivi, lakini uzito unapungua kama mara 16. Kichwa cha HO kinaukandamiza uchafu kinapita, cha Z kinakaa juu yake kama mgeni asiyejua aingie au arudi.

Na wewe uko pwani, unyevu, chumvi kwenye hewa, feni inazunguka inaleta vumbi siku nzima. Fanya hivi: kitambaa kisichotoa nyuzi, weka isopropili alkoholi kidogo, futa reli zote, halafu magurudumu kwa kijiti cha pamba. Msasa usiguse, unaacha mikwaruzo na uchafu unapata pa kujificha. Stiliwaya ndo kabisa usiisogeze karibu na hiyo meza, vile vinyuzi vinavutwa na sumaku ya mota vinaingia ndani na hapo sasa mota itakufa kweli. Ukimaliza kucheza funika na plastiki au shuka. Pia angalia kama umeunga waya wa umeme sehemu moja tu, ongeza sehemu mbili tatu kuzunguka njia, maana kila kiungo cha reli kinakula umeme kidogo.

Ukinunua reli siku nyingine ulizia madini yake, za shaba nyeupe (mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki) zinavumilia kuliko za shaba ya njano ambayo kutu yake haipitishi umeme.

Naishi bedsitter, kitanda, jiko na kameza. Kweli naweza jenga kitu cha maana ama nitakuwa na kaduara tu? (Nairobi)

Unaweza bwana, na hapa ndo niseme jambo ambalo watu wengi hawalielewi kuhusu skeli ndogo. Mtu akishapata Z anafurahi kwamba nafasi ile ile itaingia reli nyingi zaidi, basi anajaza, njia nne, pointi kumi (pale reli inapogawanyika mbili), ubao mzima umekuwa tambi. Mimi naona huko ni kupoteza ile faida yenyewe. Faida ya udogo ni kwamba treni inaweza kuwa ndogo kweli mbele ya nchi inayopita. Ona treni inavyopita Voi au pale Korogwe, treni ni kauzi tu, kilichobaki ni mbuga, mlima, mkonge, anga. Kwenye HO hiyo picha inataka ukumbi. Kwenye Z inatosha ubao wa sentimita 40 kwa 60, unausimamisha nyuma ya mlango ukimaliza.

Kona ya reli kali kabisa ya kawaida ya Märklin ya Z ina nusu kipenyo milimita 145, kwa hiyo duara zima linaingia ndani ya sentimita 35 na nafasi ya pembeni. Kona kali hivyo usiiweke mbele, ifiche nyuma ya kilima au ndani ya handaki, mabehewa marefu yakipinda pale yanatia huruma. Upande wa mbele njia iende na kakona kapole karefu. Weka stesheni moja, njia moja ya kupishania, basi. Nusu ya ubao au zaidi iachie ardhi.

Na mwendo. Watu wanaendesha treni kama matatu ya usiku. Treni ya zamani kwenye kilomita 40 kwa saa ukiipunguza mara 220 ni sentimita 5 kwa sekunde, yaani upande wa sentimita 60 inachukua sekunde 12. Jaribu hesabu hiyo na saa ya simu, utaona na meza yenyewe inaanza kuonekana kubwa.

Mwinuko usizidi sentimita 2 kwa kila mita, vichwa vidogo vinateleza.

Mimi ni mstaafu wa reli, Tabora. Nataka treni zetu za zamani, za geji ya mita, siyo hizi za Ulaya. Inawezekana? (Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelipenda kuliko yote na jibu ni ndiyo, ila itabidi utumie mikono.

Reli ya kati na ile ya zamani ya Mombasa kwenda Kisumu ni geji ya milimita 1000, yaani upana kati ya reli na reli. SGR ni 1435. Sasa reli ya N ni milimita 9, zidisha kwa 160 unapata 1440, kwa hiyo mtu anayetaka SGR achukue N ya kawaida na upana wa reli utamkubali. Z nayo, 6.5 mara 220 ni 1430, safi. Ila ukiweka treni yako ya zamani juu ya reli hizo itakuwa imepanuka miguu, na wewe uliyeishi na mataruma (yale magogo ya kukingama chini ya reli) utaliona mara moja hata wageni wasipoliona.

Ujanja ni huu: chukua reli ya Z, ile ya milimita 6.5, lakini jenga behewa kwa skeli ya N, 1:160. Zidisha 6.5 kwa 160 unapata 1040. Imekaribia kabisa elfu moja. Kwa Kizungu wanaiita Nm, na wanaojenga reli nyembamba za Uswisi wanaitumia sana. Hata TAZARA yenye 1067 inaingia humo humo. Kwa hiyo unanunua chasisi ya Z yenye mota yake, bodi unatengeneza mwenyewe, kwa kadibodi nzuri, kwa plastiki nyembamba, au mpe kijana mwenye printa ya 3D. Mataruma ya Z kwa jicho lako yatakuwa mafupi na yamebanana, unaweza ukayaondoa mojamoja ukapanga upya, kazi ya subira lakini wewe siyo mgeni wa subira.

Ukitaka makubwa kuna yale magarati, vichwa vikubwa vya mvuke, ya daraja la 59 ya East African Railways, yalijengwa Uingereza na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, yalikuwa 34 na kila moja lilipewa jina la mlima. Moja, Mount Gelai namba 5918, liko makumbusho ya reli Nairobi. Lile dude lina karibu mita 32, kwenye 1:160 linatoka sentimita 20 hivi. Uzuri wa garati ni kwamba limekatika sehemu tatu, injini mbele, injini nyuma, boila katikati, kwa hiyo kwenye kona kali linapinda vizuri kuliko kichwa kirefu cha kipande kimoja, kule kwenye reli na hapa mezani. Chasisi mbili ndogo za Z chini, bodi moja juu. Ila lisiwe la kwanza mzee, anza na behewa la mizigo, tena lile la kubebea ng'ombe, halina madirisha ya kukutesa.

Na kama una picha zako za zamani zenye pembe ya mbele na ubavu mzima wa treni zitunze, kwa kazi hii picha ya ubavu inasaidia kuliko mchoro.

Naweza tumia chaja ya simu? (Morogoro)

Chaja ya simu ni volti 5, treni inaweza kujikokota lakini huwezi kuiongoza, haina pa kupunguza wala kuongeza. Na huo umeme wa ukutani, 230, usiuguse kabisa, sitaki lawama. Tafuta adapta ya DC ya volti 12 halafu pitisha kwenye kontrola ya kuzungusha kwa mkono, kale kanakotumika kupunguza mwendo wa mota ndogo, mafundi wa Kariakoo wanavijua. N inakubali mpaka volti 12. Z mwisho wake 10, kwa hiyo weka kwanza moduli ya kushusha volti, iseti 8 au 9 kwa multimita kabla hujaunga treni, usiseti kwa kukisia. Ongeza fyuzi ndogo. Kurudi nyuma ni kubadilisha nyaya mbili tu, swichi ya miguu sita inafanya hiyo kazi.

Dada hapa, mimi treni sijali sana, nataka kujenga mazingira. Natumia nini bila kuagiza nje? (Arusha)

Karibu sana dada, watu kama wewe ndo mnafanya meza zetu zisifanane na duka.

Kitu cha kwanza cha kuweka kichwani: kwenye 1:220 punje ya mchanga ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 22. Ukimwaga mchanga wa kawaida ukasema ni barabara umejenga machimbo. Kwa hiyo kila kitu kiwe vumbi. Udongo mwekundu tunao wa bure, ukaange kwenye sufuria kuukuu wadudu wafe, ponda, chekecha kwa soksi ya nailoni. Halafu pitisha sumaku juu yake mara kadhaa utashangaa chuma kinachotoka, hicho kikibaki kitaishia kwenye mota. Vilima tumia yale mafomu meupe ya kwenye boksi la friji, kata, bandika, funika na karatasi ya tishu na gundi nyeupe ya mbao. Udongo unamwagia juu ya gundi, ukikauka unadondoshea gundi iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, ile sabuni ndo inafanya gundi izame badala ya kukaa juu kama vitone. Reli zifunike kwanza.

Majani ya chai yaliyotumika, yakauke juani kabisa, ni majani makavu ya chini ya miti, hayana mpinzani. Migunga: vua waya wa shaba wa kwenye kebo mbovu, sokota zile nyuzi ziwe shina, juu zitandaze ziwe bapa, bandika vipande vya sponji ya kuoshea vyombo vilivyosagwa na kupakwa kijani cha vumbi. Kijani cha vumbi nasema, siyo kile kijani cha Ulaya kinachong'aa. Mbuyu wa mita 20 utakuwa sentimita 9, huo chonga kwenye fomu. Mkonge chukua nywele za brashi kuukuu, kata milimita 5 au 6, chomeka kwa vifungu kwenye mistari, inachosha balaa lakini ukimaliza shamba moja kila mtu ataijua ni reli ya Tanga kabla hujamwambia.

Mke wangu anasema huo ni utoto. Nimjibuje? (Kigoma)

Usimjibu. Mwombe achague rangi ya stesheni.

Niko Ujerumani, nimeona Märklin Z za mtumba sokoni, nyingine za miaka ya 80. Ninunue au niache? (Hamburg)

Nunua, ila muuzaji akisema "inatembea" mwambie aitembeze. Vichwa vya zamani vilivyokaa kwenye boksi miaka mingi mafuta yake hukauka yakawa gundi, mota inajaribu kuzunguka haiwezi, na mtu akiongeza umeme ndo anaichoma. Kikiwa kimeganda bado kinaweza kuokolewa, kinafunguliwa, kinasafishwa gia zote, kinawekwa mafuta mapya tone dogo la ncha ya sindano, lakini bei iwe ya kitu kilichoganda. Angalia brashi za mota, angalia magurudumu kama yameliwa, na reli kuukuu zilizopinda waachie wenyewe. Mabehewa ya mizigo yachukue hata kama rangi imechubuka, kwenye treni ya mizigo hakuna mtu ataona kasoro. Na ukirudi nyumbani usisahau adapta, ile transfoma ya zamani ya kwao ya chuma ikiwa na waya uliopasuka usiichomeke popote, iache huko huko.