Mkifika Dar, achaneni kidogo

Swali la wiki lilituuliza hivi: familia ikimaliza safari ndefu na kubakiwa na siku chache katika jiji kubwa kabla ya kurudi nyumbani, izitumie vipi? Nadhani wengi watajibu kwa kutaja fukwe na maduka. Langu ni hili: achaneni. Kila mtu ashike njia yake tangu asubuhi, mkutane jioni mezani.

Desemba 2024, shule zilipofungwa, sisi wa Mwanza tuliamua kuizunguka nchi kwa upande wa magharibi. Tulikuwa mimi, baba watoto, binti yetu aliyetoka kumaliza kidato cha nne, kijana wa darasa la tano, na bibi yao mzaa baba. Tulipanda basi hadi Tabora, treni ya reli ya kati hadi Kigoma, kisha mabasi tena kupitia Uvinza, Mpanda na Sumbawanga hadi Mbeya. Mbeya tukaingia treni ya Tazara kwenda Dar es Salaam. Anayeijua ramani ataona hiyo ni njia ya mtu asiye na haraka, na kweli hatukuwa nayo.

Safari ilikuwa nzuri, sitaki mnielewe vibaya. Kigoma tulikula mgebuka mpaka bibi akasema samaki wa kwetu wametuonea miaka yote. Lakini watu watano wa rika tofauti wakisafiri pamoja, wanageuka kuwa mtu mmoja mwenye matumbo matano. Mmoja akisikia njaa, wote mnatafuta hoteli. Bibi akichoka, wote mnalala saa mbili usiku, hata binti wa miaka kumi na saba ambaye saa mbili kwake ndiyo kwanza kumekucha. Na miji midogo haikupi nafasi ya kukwepana. Sumbawanga hatuna ndugu, hatujui mitaa, utamwachia mtoto aende wapi? Basi mnakwenda kundi zima, kuanzia sokoni hadi stendi.

Tulipofika Mpanda tulishaanza kununiana. Na ndani ya Tazara, treni ilipokuwa ikikata Hifadhi ya Nyerere, twiga walitokea karibu kabisa na reli, shingo zikiwa juu ya vichaka. Kijana akamtikisa dada yake: "Dada, twiga! Amka uone!" Dada akajibu, "Nimeshaona," na macho hajafungua. Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba watoto wamechokana, na sisi vilevile.

Watu huilaumu Dar kwamba inatawanya familia. Kwa siku zile chache nilitaka itutawanye, tena haraka.

Tulichukua vyumba gesti moja ya Magomeni, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko karibu. Magomeni ndipo njia ya Morocco inapoachana na ile kubwa ya Kimara. Ukisimama hapo unaweza kwenda Kivukoni, Gerezani, Ubungo au Morocco bila kumuuliza mtu. Mabasi hayo yalianza kazi mwaka 2016, na pamoja na msongamano wake wa asubuhi, ambao sitausifu, yanamwezesha mgeni kuelewa mji kwa siku moja. Daladala za zamani mgeni alizijua kwa kupotea.

La kwanza lilikuwa ndugu. Hili nalisema kwa kirefu kwa sababu ndilo linalomaliza siku za mwisho za familia nyingi. Hakuna Mtanzania asiye na ndugu Dar, na kupita bila kubisha hodi ni kosa litakalokumbushwa msibani miaka kumi baadaye. Kwa hiyo watu hufanya nini? Wanapanga ziara: asubuhi Temeke, mchana Gongo la Mboto, jioni Tegeta. Kila nyumba soda, kila nyumba "mbona mnaondoka mapema," na katikati foleni ya saa mbili watoto wakitoka jasho. Mji mzima unaishia kuuona kupitia dirisha la gari lililosimama.

Sisi tulimtuma bibi. Ana mdogo wake Temeke, hawajaonana tangu msiba wa kaka yao, na alikuwa akiwaza kwenda huko tangu Tabora. Tukamfikisha na begi lake, asali ya Tabora na dagaa wa Kigoma aliowabeba njia nzima ndani ya ndoo yenye mfuniko (behewa zima liliwajua dagaa wale kabla ya kutujua sisi). Tukawaomba ndugu wengine waje hapo Jumapili, tuonane wote kwa mkupuo mmoja. Waliofika walifika, na ambao hawakufika hawawezi kusema hawakuitwa.

Binti alichukuliwa na mjukuu wa bibi huyo wa Temeke, ambaye anasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku nzima walikuwa Mlimani: maktaba kubwa iliyofunguliwa mwaka 2018, vimbweta (viti na meza za zege za kujisomea) chini ya miti, chipsi mayai za wanafunzi. Mimi ni mwalimu, nimemhubiria mtoto huyu habari za chuo miaka minne, ananisikiliza kama redio ya jirani. Alirudi jioni akinieleza mimi tofauti ya uhandisi wa majengo na uhandisi wa migodi. Nikanyamaza nikaeleweshwa.

Baba na kijana walikwenda Feri, kwenye pantoni za Kigamboni. Mume wangu alikuwa na shughuli yake Gerezani ya vipuri vya pikipiki, lakini alikuwa ameahidi bahari kwanza. Kijana wetu amekulia kandokando ya ziwa na kivuko cha Busisi amekipanda mara nyingi, maana daraja wakati huo lilikuwa halijafunguliwa. Pantoni ya Kigamboni haikumtisha. Alilipiwa nauli, akasimama ukingoni, akatoa hukumu kwamba safari ni fupi mno, hata muhogo haujaisha mmefika. Kilichompiga butwaa ni maji yenyewe. Walikuwa wameketi ufukweni upande wa pili asubuhi, mawimbi yakiwafikia miguuni. Wakaenda kula, wakarudi, wakakuta mchanga mtupu na ngalawa zimelala ubavu, maji yako mbali kule.

"Baba, ziwa limekwenda wapi?"

Baba yake naye ni Msukuma wa ziwani, kupwa na kujaa alikusoma darasani tu. Ikabidi mvuvi mmoja awaeleze wote wawili mambo ya mwezi na bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bure, huku akiendelea kushona wavu. Jioni kijana alituchorea mezani kwa kidole chenye mchuzi mahali mwezi unapokaa na mahali maji yanapovutwa. Dada yake alimsikiliza, tena akauliza maswali. Wangekuwa wameona pamoja, angesema ameshaona.

Mimi nilikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, peke yangu. Nimefundisha historia kwa mchoro wa fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, ambao kila toleo la kitabu linauchora vibaya zaidi ya lililopita. Wanafunzi wangu wanajua kwamba Mary Leakey aliliokota Olduvai mwaka 1959, wanaandika kwenye mtihani, wanasahau. Nilitaka kusimama mbele ya habari zake bila mtu kuniuliza tunakula saa ngapi. Nikasimama. Nikasoma kila kibao, hata vya vyumba ambavyo havinihusu, nikatoka nikaketi kwenye kivuli nikanywa maji ya baridi taratibu. Joto la Dar mwezi huo linakutoa jasho hata ukiwa umekaa. Tangu tuondoke Mwanza sikuwa nimenyamaza muda mrefu kiasi kile.

Kuna watakaosema mji mkubwa si wa kutawanya watoto. Sikusema waachwe. Wa darasa la tano alikuwa na baba yake, wa kidato cha nne alikuwa na mwenyeji, na kila mwenye simu alikuwa na salio na namba ya gesti imeandikwa kwenye karatasi pia, kwa sababu simu ikiibwa huondoka na namba zote. Wengine watauliza gharama. Kwa hesabu yangu ilikuwa nafuu. Watu watano wakizunguka pamoja wanapanda teksi. Mmoja mmoja anapanda mwendokasi. Wakiwa pamoja wanakaa hotelini na kuagiza. Peke yake mtu anakula mihogo ya kukaanga na pilipili, anashiba. Ila kila mmoja apewe hela yake asubuhi na ajue hakuna nyingine. Binti alibakiza, baba yake hakubakiza.

Kariakoo ni shughuli ya mtu mmoja mwenye orodha, kabla jua halijakaza. Mkienda watano, mmoja anapotea, mmoja anataka viatu, mmoja anataka kukaa. Nilikwenda mwenyewe alfajiri kwa ajili ya madaftari, vitenge na sare za Januari. Ghorofa lililoanguka pale Novemba 16 lilikuwa bado mdomoni mwa kila mwenye duka, na bei walikuwa wakikutajia kwa sauti ya chini kuliko kawaida yao. Mzigo mkubwa niliuacha kwa wasafirishaji wa mizigo ya mikoani uje kwa basi, maana tulikuwa tunarudi kwa treni ya SGR, ile mpya ya umeme, hadi Dodoma kabla ya kuunganisha basi la Mwanza, na mle mzigo unakaguliwa na hauruhusiwi kuwa wa kuhama nyumba. Tiketi kateni siku mnayofika mjini, vitambulisho mkononi. Mwezi wa Desemba ukingoja siku ya mwisho utasikia zimeisha.

Jumapili tukakutana Temeke kama tulivyopanga. Pilau, ndugu, watoto tusiowajua majina. Bibi alikuwa amesukwa nywele na amevaa dera jipya, ameketi na mdogo wake kwenye mkeka wanacheka jambo ambalo walikataa kutuambia. Nilipomkumbusha kwamba treni ni kesho asubuhi na begi lake tulibebe leo, alisema begi halina haraka. Tukadhani utani. Mume wangu akamwita pembeni, "Mama, tiketi yako tumeshakata." Akajibiwa kwamba basi ampe mwenye shida nayo.

Tulirudi Mwanza wanne. Bibi alikuja mwezi wa Machi.