Abiria akikupigisha stori ukikagua ndege
Kaka, umeuliza ufanyeje maana abiria alikupigisha stori ukiwa unazunguka kukagua ndege ndogo ya Cessna 172, ukasahau kufunga mfuniko wa tenki la mafuta juu ya bawa, ukashtuka mafuta yanamwagika ukiwa ushapaa. Aisee hayo ni mazoea, usisingizie abiria. Na hewa ya juu ya bawa inayafyonza mafuta kwelikweli. Mi nikikatizwa, hata kwa salamu tu, narudi vipengele vitatu nyuma kwenye orodha ya ukaguzi, nikiwa sikumbuki nilifika wapi naanza upya, simu inabaki kwenye gari, abiria wanakaa mbali hadi nimalize, wakinuna shauri yao. Ndege ya Boeing 299 ilianguka Marekani 1935 sababu kufuli la usukani halikutolewa kabla ya kupaa, na marubani wale hawakuwa wanafunzi. Halafu mifuniko kaikague mwenyewe, usimwachie kijana wa mafuta.