Pedali 11 zikawa 4: nilivyopunguza mizigo ya gitaa kwa safari za mikoani

Aliyenihesabia ni kijana wetu wa vyombo. Nilimpa karatasi yenye majina ya pedali zangu 11, yaani vile vijisanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, nikamwomba asimame pembeni ya jukwaa na kuweka alama kila ninapokanyaga moja. Alifanya hivyo kwa shoo tatu: Morogoro, Dodoma na Singida. Aliponirudishia karatasi, tyuna (inayoonyesha kama nyuzi zimekaa sawa) ndiyo iliyoongoza kwa alama, ikifuatwa na ovadraivu (inayokwaruza sauti) na dilei (inayorudia noti kama mwangwi). Korasi, inayonenepesha sauti, ilikuwa na alama chache kwa sababu nikishaiwasha naiacha. Wa-wa, inayofanya gitaa lilie kama mtu, ilikanyagwa kwenye wimbo mmoja tu. Flenja, inayozungusha sauti kama upepo, mara mbili kwa shoo zote tatu. Distosheni, inayokwaruza kwa ukali zaidi, na ovadraivu ya pili hazikuguswa hata mara moja, na nilikuwa nimezibeba kilomita zote hizo.

Hesabu hiyo niliitaka tangu usiku mmoja tuliopiga Iringa. Tulikuwa tumeingia sebene, wachezaji wameshajipanga mbele, gitaa langu likakatika. Mpiga rithimu akaelewa, akaishika mistari yangu kadiri alivyoweza, nami nikapiga magoti natikisa waya mmoja baada ya mwingine. Kiongozi wa bendi akaniinamia sikioni: “Mdogo wangu, achana na hivyo, ingia moja kwa moja kwenye ampu.” Nikachomoa kila kitu, nikachomeka gitaa kwenye amplifaya, tukamaliza wimbo. Kesho yake ndani ya basi nililipata tatizo: waya mfupi kati ya pedali ya sita na ya saba ulikuwa umeachia ndani ya jeki.

Piga hesabu mwenyewe. Pedali 11 zinataka nyaya fupi 10 katikati yake, waya mrefu wa kutoka kwenye gitaa, na mwingine wa kwenda kwenye amplifaya. Hizo ni nyaya 12 zenye jeki 24, bado nyaya 11 za umeme. Kila jeki ni mahali ambapo risasi ya kulehemu inaweza kuachia, na buti la basi linatikisa jeki zote kwa usawa, zile unazozitumia na zile usizozitumia. Sasa nina vijisanduku vitano (nitakieleza hicho cha tano), yaani nyaya 6 na jeki 12. Nusu ya mashaka imeondoka kabla sijajifunza kitu kipya chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mpiga gitaa mwenzangu ni huo wa karatasi. Usinunue na usiuze chochote kabla ya kuhesabiwa shoo tatu. Tunapoamua tukiwa nyumbani tunafuata mapenzi. Jukwaani mguu unafuata wimbo.

Zilizobaki ni tyuna, ovadraivu moja, korasi na dilei.

Tyuna haina mjadala. Ukitoka joto la Dar ukashukia baridi ya Njombe, nyuzi zinakwenda zinakotaka, na tyuna iliyo mguuni inakuruhusu kurekebisha huku sauti imezimwa, wakati mwimbaji anazungumza na watu. Pia ndiyo inayozima sauti unapobadilisha gitaa.

Ovadraivu nimeiweka na ukali kidogo na sauti kubwa kidogo. Kazi iliyobaki inafanywa na nobu ya sauti ya gitaa lenyewe. Nikiirudisha hadi 6, sauti inatakata na inafaa kufuata waimbaji. Nikiifungua hadi 10, solo inatoka mbele. Kwa miaka mingi nilikuwa na pedali mbili zaidi kwa kazi ambayo kidole kidogo cha mkono wa kulia kinaifanya. Jaribu hili wiki nzima nyumbani kabla ya kulikataa, kwa sababu siku mbili za kwanza kidole husahau.

Dilei imechukua nafasi ya riveba pia, ile pedali inayoiga mwangwi wa ukumbi. Kanuni yake ni rahisi: gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 unakupa 500, na robo tatu ya hapo ni 375, ule mwangwi unaojibizana na vidole kwenye sebene. Mimi nimeiacha kwenye 375 kwa nyimbo zote za kasi, na marudio mawili tu. Ukumbi wenyewe unaongeza mwangwi wake. Kumbi zetu nyingi ni za saruji na bati, na ukiongeza riveba humo unaififisha kazi yako mwenyewe.

Iliyoniuma kuiacha ni kompresa, pedali inayosawazisha nguvu za noti. Kwa wiki mbili nilihisi vidole vyangu viko uchi: noti moja kubwa, nyingine imemezwa. Nikarudi kusikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, nikapunguza kasi ya mazoezi, nikapiga noti zote kwa nguvu moja mpaka zikalingana. Kama una muda wa mazoezi, iache. Kama safari ni kesho, ibebe, wala usione aibu.

Neno moja kuhusu nyaya ndefu. Gitaa likipita kwenye waya wa mita 6 na zaidi, trebo, yaani sauti nyembamba za juu, inapungua njiani. Pedali za Boss, hata zikiwa zimezimwa, hupitisha sauti kwenye saketi ndogo inayoisukuma mbele, kwa hiyo moja tu ya aina hiyo mwanzoni mwa mstari inatosha. Kama zako zote hazina saketi hiyo na sauti yako inakuwa butu kwenye jukwaa kubwa, anza kutafuta sababu hapo kabla ya kulaumu amplifaya.

Sasa amplifaya, ambako ndiko nilikoteseka zaidi. Nilikuwa na ya valvu (zile taa za kioo za kizamani), spika mbili za inchi 12, karibu kilo 30. Niliipenda na bado naipenda. Lakini kila safari ilikuwa ni mazungumzo na utingo, kisha wasiwasi njia nzima kwamba valvu zinagongwa. Ukipanda ndege ni habari nyingine kabisa, maana tiketi ya kawaida mara nyingi inakupa kilo 23, na humo kuna nguo zako pia.

Nimeiacha nyumbani. Mwisho wa mstari wangu wa pedali kuna kijisanduku cha tano, kinachoiga amplifaya na spika yake, chenye njia mbili za kutolea sauti. Moja inakwenda kwa fundi mitambo, nyingine inakwenda kwenye amplifaya yoyote niliyoikuta jukwaani. Sauti wanayoisikia watu ni ileile Mwanza, Arusha au Unguja. Amplifaya ya jukwaani ni ya masikio yangu na ya mpiga ngoma. Ikiharibika katikati ya wimbo, watu hawatajua.

Usichomeke pedali moja kwa moja kwenye mixa, ile meza ya fundi ya kuchanganyia sauti, bila kijisanduku hicho. Spika ya gitaa hukata sauti kali kuanzia takriban kilohezi 5. Spika za ukumbini hazikati, kwa hiyo ovadraivu inatoka kama nyuki ndani ya kopo. Nimewasikia vijana wazuri sana wakiharibikiwa usiku mzima kwa sababu hii, na wao wakidhani tatizo ni gitaa.

Ubaya wa njia hii niuseme pia. Ukikuta ukumbi hauna amplifaya yoyote, unategemea monita, zile spika za jukwaani zinazowaelekea wapigaji, na monita zikiwa mbovu hujisikii. Ndiyo maana nikifika nauliza jambo moja kabla ya mengine yote. “Kaka, mbele yangu nitakuwa na monita yangu peke yangu au tunachangia?” Fundi akijibu tunachangia, namwomba gitaa la solo liingie kwenye hiyo ya mwimbaji, mapema, kabla hajazongwa na watu.

Kwenye matamasha makubwa utakutana mara nyingi na amplifaya za Roland JC-120 au Fender Twin Reverb. Zote zina sauti safi na nguvu nyingi, na zote zinaweza kuumiza masikio ya waliosimama mbele. Naanza na nobu zote za besi, kati na trebo zikitazama juu, kisha napunguza trebo kwanza. Hiyo Roland ina korasi yake ya ndani tangu ilipotoka mwaka 1975, tena nzuri sana. Nikiikuta natumia hiyo na pedali yangu ya korasi inapumzika. Nimeibakiza kwenye ubao kwa sababu siwezi kuikuta kila mahali.

Umeme. Hapa nawaomba msome polepole.

Hakikisha pedali zote zinatumia volti 9, na hasi iwe katikati ya kijeki. Nilikuwa na moja ya volti 12 iliyohitaji adapta yake. Hiyo peke yake ilitosha kuiondoa. Soma pia miliampia, yaani kiasi cha umeme ambacho pedali inakula. Pedali za kizamani hula chache sana, lakini za kidijitali zinaweza kutaka 100, hata 300, na ukizifunga zote kwenye adapta moja yenye waya wa mnyororo wa vichwa vingi zinatoa mluzi. Tafuta chanzo cha umeme chenye matundu yaliyotenganishwa. Halafu angalia mgongoni kimeandikwa nini. Ndugu yangu aliniletea kimoja kutoka Marekani, kipya, ndani ya boksi, cha volti 120. Nilikichomeka kwenye volti 230 zetu na harufu ikaenea nyumba nzima. Sasa sigusi kitu ambacho hakijaandikwa 100–240.

Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia plagi ya pini tatu za mraba. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, pini ni za duara. Beba vigeuzi viwili, maana kimoja kitabaki hotelini. Beba pia betri mbili za mraba za volti 9. Zinapatikana hata kwenye maduka ya miji midogo, na ovadraivu na korasi zinakwenda nazo usiku mzima jenereta ikisumbua chanzo chako.

Na hili halihusu sauti. Kabla hujapima umeme, usipeleke mdomo kwenye maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi. Kama mitambo na amplifaya yako viko kwenye nyaya za umeme zisizo na ethi sahihi (waya unaopeleka umeme uliopotea ardhini), umeme unapita kwenye wewe. Mimi hushika nyuzi kwa mkono mmoja na kugusa kichwa cha maikrofoni kwa bisibisi ya tesita. Taa ya tesita ikiwaka, siendelei, namwita fundi. Usikubali mtu akate waya wa ethi ili kuondoa muungurumo, hata akiwa mkubwa wako na ana haraka. Kitufe cha kukata ethi kwenye kisanduku cha laini (DI, kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mixa) hukata ile ya waya wa sauti tu, na hicho unaweza kukitumia bila hofu.

Ubao wangu sasa unaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na nyaya mbili za akiba na seti moja ya nyuzi. Nikiwa kwenye basi naupakata. Pedali saba zilizobaki ziko kabatini nyumbani, na nikienda kurekodi nazichukua zote. Wa-wa ina ule wimbo wake mmoja, na watu wa Dar wanaupenda. Tukipiga hapa mjini naiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, naichomeka kabla ya wimbo, naichomoa ukiisha.