Ukienda Bermeo, uliza kwanza samaki yuko wapi

Nilifika Bermeo, mji wa wavuvi ulioko pwani ya Nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, mwezi wa Januari, nikiamini kwamba mji unaoishi kwa jodari hauwezi kukosa kibarua. Bandarini nilikuta vyombo vimefungwa kamba na mvua isiyokatika. Kwa hiyo namshauri ndugu anayewaza kwenda huko aangalie kalenda kabla ya nauli.

Dagaa wanaotiwa chumvi, waitwao anchoa, huvuliwa katika Ghuba ya Biscay hasa kuanzia Machi hadi Juni. Bonito, yaani jodari mweupe, hufuata hadi Oktoba, na hapo ndipo viwanda vya makopo huhitaji mikono zaidi. Mimi niliitwa Julai. Bonito aliyechemshwa huwekwa mezani akiwa amepoa, nawe kwa kisu kifupi unamvua ngozi, unaondoa miiba na nyama nyeusi, kisha unapanga minofu koponi bila kuivunja. Akina mama walionifundisha, wenye mazoea ya miaka mingi, walikuwa wakimaliza watatu kabla sijamaliza mmoja, na wala hawakunificha kicheko.

Anayetaka ubaharia katika zile meli kubwa za nyavu za kuzingira asizitafute Bermeo, maana hazipo. Wenye meli wako huko, lakini meli zao huvua katika Bahari ya Hindi na kushusha samaki zaidi Victoria, Shelisheli. Meli ya Alakrana, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Oktoba 2009 ikiwa na mabaharia 36, ilikuwa ya Bermeo. Nilisafiri mbali kote huko kuufuata utajiri ambao sehemu yake huvuliwa bahari ileile inayopiga Mombasa! Kazi hizo ziulizie ukiwa upande wetu.

Kuhusu malazi, tafuta chumba kabla ya Juni, kwa sababu kiangazi wageni hufurika kupanda ngazi 241 za Gaztelugatxe, kisiwa kidogo cha jirani chenye kanisa kileleni, na kodi hupanda nao. Tena kubaliana mapema na mwenye nyumba kwamba utajiandikisha halmashauri ya mji kwa anwani yake. Wangu wa kwanza alipokea kodi kwa furaha, akakataa kuniandikisha, na bila karatasi hiyo sikuweza hata kuthibitisha kwamba ninaishi pale.